Pumzi Kabla ya Wimbo

"Ja." Torbjørg aliisema kwa kuvuta pumzi ndani, si kwa kuitoa, kama mtu aliyechovya kidole kwenye maji baridi. Bondeni kwetu wengi tunaitikia "ndiyo" hivyo, lakini ya kwake ilikuwa na kamluzi kadogo mwishoni, kwa sababu ya pengo la jino. Hiyo ndiyo sauti ambayo mumewe, Sveinung Haugland, alikuwa akiitafuta Aprili ya mwaka huu, majuma tisa baada ya kumzika.

Sveinung alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kwa miaka thelathini na minne alizunguka mashamba ya jimbo letu la Telemark, akajua nani ana ng'ombe mgonjwa na nani ana fidla ukutani. Jumamosi alirudi huko kwa gari lake mwenyewe, Torbjørg akiwa kando yake na kinasa sauti mapajani. Wapigaji wetu wa zamani wana haya. Hawagusi upinde wa fidla kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Baada ya hapo Torbjørg alibonyeza kitufe na kutaja shamba, tarehe, jina la mpigaji, na jina la aliyemfundisha wimbo huo, maana kwetu wimbo usio na mwalimu hauna kwao. Kisha alimtazama mpigaji. Mpigaji akiitikia kwa kichwa, yeye alisema ile "ja" yake, na upinde ukashuka.

Nyimbo zilifika elfu sita na mia mbili na kumi na mbili. Kanda zilipoanza kunata, Sveinung alizihamishia zote kwenye kompyuta, na kanda zenyewe akazipeleka jalalani. Akatengeneza nakala tatu: diski moja mezani kwake, moja kwenye chumba cha chini cha maktaba mjini, na moja katika ghala la magogo la Gunleik, kaka yake Torbjørg, kilomita thelathini kutoka hapa. Moto ukichukua moja, zibaki mbili. Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio, kabla ya kuwasha mshumaa, alizifanya upya zote.

"Wenzangu siku hii wanaoka biskuti," Torbjørg alikuwa akisema. "Mimi nimeolewa na diski."

Vuli ya mwaka juzi akaamua kuzisafisha.

"Watakaosikiliza baada ya miaka mia watataka muziki," alimwambia mkewe, "si sisi tukikohoa."

"Na mimi nimo humo, unajua." Torbjørg hakuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiifuma.

"Kila ulichosema nimekiandika kwenye orodha. Hakuna jina hata moja litakalopotea."

"Basi iandike na pua yangu, maana wanasema inasikika ninapoongea."

Tukacheka. Nilikuwepo, mimi jirani, kikombe mkononi, nami nikacheka.

Programu ilikata yote yaliyotangulia mguso wa kwanza wa upinde na yote yaliyofuata ule wa mwisho. Aliandika nakala safi juu ya zile za zamani, mezani na maktabani, akazilinganisha nukta kwa nukta. Sijawahi kuona mtu mwangalifu kama yeye.

Februari mwaka huu moyo wa Torbjørg ukasimama. Baada ya mazishi Sveinung alikaa mezani, akitaka tu kumsikia akitaja jina la shamba moja, lolote lile. Akafungua wimbo, ukaanza na upinde. Akafungua mwingine. Kwa siku sita akafungua wimbo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa umeshaanza. Kwenye simu hakukuwa na kitu. Katika sherehe zote, Torbjørg ndiye aliyekuwa akipiga picha.

Ilibaki nakala ya Gunleik. Majilio ya mwaka juzi Torbjørg alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo Sveinung hakwenda mwenyewe. Alimpa shemeji yake diski mpya na karatasi ya maelekezo. Majilio yaliyofuata Sveinung hakutoka nyumbani kabisa, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Hakuna aliyewahi kuuliza yaliyoipata ile ya zamani.

Tulikwenda kwa Gunleik. Niliendesha mimi, kwa sababu ya macho yake.

"Atakuwa ameisahau," alisema njiani. "Gunleik? Huyo angesahau hata ubatizo wake kama asingebebwa. Ngazi ya dada yake aliitengeneza miaka kumi na mmoja." Baada ya kona kadhaa akaongeza, "Jirani, leo ni mara ya kwanza namwombea mtu uvivu."

Gunleik alitupokea mlangoni, aproni kifuani, harufu ya siagi ikimfuata.

"Shemeji! Umekonda kama ufito. Ingieni, jibini la kahawia lipo."

Sveinung hakukaa. "Ile diski ya zamani. Bado iko ghalani?"

Uso wa Gunleik ukang'aa. "Ulidhani nimesahau, eh? Sema kweli! Ulidhani Gunleik amelala!" Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisoma kama mchungaji madhabahuni. "'Mpya iwekwe kwenye sanduku. Ya zamani iharibiwe siku hiyohiyo, zisije zikachanganyika.' Siku hiyohiyo, shemeji! Theluji magotini, nikaenda. Niliifungua skrubu moja baada ya nyingine. Njoo uone."

Nje ya dirisha palikuwa na mti wa cheri ambao haujachipua bado. Visahani vitatu vyembamba, vilivyotolewa tumboni mwa diski, vilining'inia matawini kwa uzi wa kuvulia samaki, vikizunguka.

"Mwaka jana ndege hawakugusa tunda hata moja," Gunleik alisema. "Torbjørg alimaliza bakuli zima, kwenye kiti hicho hapo."

Kisahani kimoja kiligeuka, kikatupa mwanga darini, ukashuka ukutani, ukapita kwenye shavu la Sveinung. Nilimtazama, nikisubiri aseme. Alichukua karatasi mkononi mwa shemeji yake na kuisoma, neno kwa neno, mwandiko wake mwenyewe.

"Alikuwa akiniita mzembe tangu utotoni," Gunleik aliendelea. "Nikampigia simu hukohuko hospitali. Akacheka, akasema, hatimaye." Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilifanya vizuri. Au siyo, shemeji?"

Sveinung aliikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa, akamrudishia. Kisha akavuta pumzi ndani.

"Ja," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.