Nyumba Isiyo na Maziwa

Dada yangu alipokunja ngumi, kifundo cha kidole cha nne hakikuonekana, palibaki kishimo. Alikuwa mfupi, uso wa mviringo, na mikono yake ilipokakamaa hata mama hakuweza kuifungua. Nyonga zilimuuma. Sisi ni wafugaji tuliohamia Usangu kutoka kaskazini, na miaka ile ya sabini tuliamini mifupa ina dawa moja tu. Kila alfajiri mama alimshikisha kibuyu cha maziwa.

"Kunywa, mama, mifupa ikomae."

Alipoanza kuanguka kifafa, tukampeleka hospitali Mbeya. Damu yake ilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yalirudi masika yamekwisha. Daktari alisema shingoni mwetu kuna vitezi vinavyotoa homoni ya kutunza kalsiamu. Vya dada vilifanya kazi, tena kupita kiasi, lakini figo zake hazikuitii homoni ile. Basi vikazidi kuitoa, nayo ikaigeukia mifupa na kuinyonya. Akampa vidonge vya kalsiamu. Kisha akasema maziwa yapunguzwe karibu yaishe, maana yana fosfeti, madini yanayoshusha kalsiamu ya damu yakizidi, na figo zile zinashindwa kuyatoa.

"Bwana daktari," mama aliuliza, "kwenu mna ng'ombe?"

"Hatuna, mama."

"Ndiyo maana."

Hata hivyo alitii. Dada ndiye aliyekataa kuelewa. Jioni alisukuma kando bakuli la uji mtupu.

"Hata mbwa anapewa maziwa. Mimi ni mtoto wa nani?"

Mama alistahimili hadi kiangazi. Asubuhi moja niliwakuta zizini, anamnywesha yaliyotoka kukamuliwa, povu midomoni, wote wawili kimya kama wezi. Wiki ileile dada akaanguka tena, akavunjika paja. Labda si maziwa. Vidonge navyo vilikuwa vimeadimika. Mama hakutaka kusikia labda.

Mfupa ulipounga, alimbeba mgongoni, msichana mzima, mpaka barabarani Igawa kungoja basi la Iringa. Mimi nilikuwa wa kumsindikiza kwa shangazi yetu Kihesa, ambako hawakufuga na chai ilikuwa ya rangi.

"Nitarudi lini?" dada aliuliza.

"Ukipona."

"Daktari alisema ugonjwa huu hauponi."

Mama akamfunga kanga kichwani, akaikaza, akaifungua, akaifunga tena. Basi liliposimama mbele yetu, alikuwa bado anaifunga.