Mkono wa kushoto wa Bi Velma

Saa tano asubuhi, Jumamosi, Velma Crutchfield ameketi jikoni kwa Cleophus Hairston, mkono wake wa kushoto umezama kwenye beseni la maji moto na chumvi. Cleophus, mwenye mkahawa, anaviringisha vipande vya kambare kwenye unga wa mahindi. Mafuta yanaanza kuchemka.

"Bi Velma, hilo beseni ni la kuoshea mboga," anasema Cleophus bila kugeuka.

"Basi leo sukuma zako zitakuwa na mdundo."

Anautoa mkono, anaufuta kwa aproni, anajaribu kuunyosha. Vidole vitatu vinatii. Kidole cha pete na kile cha mwisho vinabaki vimekunjwa. Anavitazama kama mtu anayemtazama mpangaji aliyegoma kuhama.

Kwa watu wa mtaa wetu hapa Pine Bluff, Arkansas, vidole hivyo viwili si jambo dogo. Bi Velma, mwenye miaka 74, amepiga piano ya bluzi na bugi, yaani bluzi ya haraka ya kuchezwa, katika mkahawa huu kila Jumamosi mchana kwa miaka thelathini na minane. Wazee huja na viatu vya kuchezea ndani ya mifuko ya plastiki. Wanakula, wanabadilisha viatu, wanacheza mpaka saa kumi.

Na katika bugi, anayechezesha watu ni mkono wa kushoto. Wa kulia hupiga soga, hutania, hulia. Wa kushoto hutembeza besi, zile noti nzito za chini, bila kupumzika, na miguu huufuata huo.

"Mkono wa kulia ni wa kusikilizwa," anasema Bi Velma. "Ukiondoa wa kushoto, watu wanakaa chini kunisikiliza. Mimi sikujifunza piano ili watu wakae chini."

Alijifunza akiwa na miaka tisa, kwa shangazi yake Tempie, aliyekuwa akiwapigia wapasua mbao kwenye kambi zao. Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi alifungwa mkono wa kulia kiunoni kwa kitambaa. Dada mkubwa wa Velma, Ardelia, naye alifungwa vivyo hivyo. Wasichana wawili, benchi moja, mikono miwili ya kushoto.

"Ardelia alinishinda," anakiri. "Mpaka leo mji huu hauna mkono wa kushoto kama ule. Ila umeokoka."

Hilo la kuokoka ni habari ndefu. Ardelia, ambaye sasa ana miaka 78, amepiga piano ya kanisa letu la Kibaptisti kwa miaka 44. Siku aliyokabidhiwa kazi hiyo aliapa mbele ya waumini kwamba hatapita tena mlango wa mkahawa huu, enzi hizo ukiwa wa baba yake Cleophus. Samaki wa hapa anawapenda kupita kiasi, kwa hiyo huwanunua kupitia dirisha la jikoni, nyuma.

Mwandishi huyu amekulia kanisa hilohilo, na leo atasema lisilosemwa. Ibada inapopamba moto na watu kuanza kumchezea Bwana, mkono wa kushoto wa Dada Ardelia hutembeza besi ileile ya Shangazi Tempie, noti kwa noti. Waumini wote wanajua. Mchungaji anajua. Hakuna anayethubutu kulitaja, kwa kuwa sote tunaipenda.

Piano haikumlisha Bi Velma. Hapa hupata dola sabini na tano na sahani ya samaki. Kilichomlisha na kusomesha wanawe watatu ni kiwanda cha kuku, alikosimama miaka 26 akikata mabawa, kuku thelathini kwa dakika. Mkono wa kulia ulishika kisu, wa kushoto ulimshika kuku aliyetoka kwenye barafu.

"Kuku wamelipiza kisasi," anasema na kucheka, kisha anaacha kucheka.

Jumamosi moja mwezi Machi, mkono uliganda katikati ya wimbo. Besi ikakatika. Wachezaji wakasimama papo hapo walipokuwa. Mzee Lucious Beal, fundi reli mstaafu, alikuwa ameinua mguu mmoja.

"Velma!" akaita. "Nimeinua mguu sakafu ikiwepo. Nirudishie sakafu niushushe!"

Watu walicheka, na Bi Velma alicheka. Kisha akaenda nyumbani akalia. Daktari alimwambia vidole hivyo havitanyooka tena. Cleophus akapendekeza kisanduku cha umeme kinachopiga ngoma chenyewe.

"Nilimwambia akilete tu, nitakikaanga na samaki," anasema.

Tangu hapo amekuwa akijikongoja kwa vidole vitatu, na kila wiki wanaocheza wanapungua. Wiki iliyopita walisimama wanne tu.

"Leo nikishindwa, ndiyo mwisho," anasema, akifunga aproni upya. "Sitaki mtu acheze kwa kunihurumia."

Saa saba anaketi kwenye piano. Anaanza wimbo wa polepole, mkono wa kulia ukibeba karibu kazi yote. Ni mtamu, na unaumiza. Hakuna anayesimama. Mzee Lucious amepakata mfuko wake wa viatu, hajaufungua.

Sauti inatokea dirisha la jikoni.

"Cleophus, nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, Dada Ardelia."

"Mbona kama tuko mazikoni? We Velma! Mkono wa kushoto umeuacha wapi?"

Bi Velma hageuki. "Kiwandani, Dada. Unajua."

 Kisha mlango wa jikoni unafunguliwa na Dada Ardelia anaingia na kofia yake ya zambarau, anapita katikati ya masufuria, anavuta kreti tupu la soda mpaka upande wa kushoto wa piano. Anaketi, mkoba ukiwa bado unaning'inia mkono wa kulia.

"Dada, uliapa," Bi Velma ananong'ona.

"Niliapa mlango ule pale wa mbele. Wa jikoni sikuutaja. Sogea."

"Na bluzi je?"

"Dhambi iko kwenye maneno. Mkono wa kushoto hauna maneno. Ukifungua mdomo kuimba, nainuka."

"Na sisi tukicheza?" anauliza Mzee Lucious.

"Miguu ni yako, Lucious. Utaijibia mwenyewe."

"Je, kesho mchungaji akiuliza?" Mzee Lucious anang'ang'ania.

Dada Ardelia anamtazama juu ya miwani. "Atasikia tofauti gani?"

Kisha besi inaanza kutembea, na kila mtu humu ndani anaijua, ni ya Jumapili. Bi Velma anaiacha izunguke mara mbili, mkono wake wa kulia ukiwa hewani. Katika miaka yote sijawahi kumwona akisubiri. Anapoingia, anaingia akicheka kwa sauti, na Mzee Lucious tayari ameinama, anahangaika na kamba za viatu.

Kufika wimbo wa tatu, niliyebaki kwenye kiti ni mimi, na sioni vizuri ninachoandika. Bibi mmoja ananinyang'anya kalamu na kunivuta katikati.

Saa kumi, nikiwa bado natweta, namuuliza Bi Velma mipango yake.

"Nilitaka nifike miaka themanini nikiwa kwenye benchi hili," anasema. "Asubuhi nilikuwa nimeshakata tamaa."

Jikoni, Dada Ardelia anapokea samaki wake. Haagi mtu. Akiwa mlangoni anageuka.

"Cleophus, kreti lako linaumiza. Jumamosi ijayo liwekwe mto."

Bi Velma anashika karatasi ya mezani inayonuka samaki, anajifuta macho, anapenga kamasi.

"Cleophus," anaita. "Utafute mto mnene. Wa kufika miaka sita."