Kanda Niliyompelekea Baba Mkwe

Mimi hujiita fundi wa redio, na kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Nilirekodi santuri ya kwaya kwenye kanda, redio-kaseti ikiwa mbele ya spika, nikampelekea baba mkwe kule Soy.

Tukaicheza sebuleni kwake mbele ya wageni. Katikati ya wimbo, kimya.

"Ni betri, Mzee," nikasema, nikazianika juani wageni wakingoja. Nikazirudisha: bado kimya. Nikafungua sauti hadi mwisho.

Kumbe siku ya kurekodi nilizima santuri nisikilize nani anabisha hodi, kanda ikaendelea kunasa. Mnong'ono wangu kwa mke wangu ukanguruma sebule nzima: "Mama Chebet, ficha hiyo kuku, babako amekuja tena!"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Betri ni nzima," akasema.