Mkarafuu Usionyimwa Maji

Fundi Amour alikuwa na mambo mawili ya kujivunia. La kwanza, alizaliwa Wete, Pemba. La pili sikulijua, ingawa tulipanga nyumba moja hapa Mabawa miaka mingi, mimi chumba cha mbele, yeye chumba cha uani.

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Aliondoka Pemba angali mdogo, akaja Tanga kwa mjomba wake, akafundishwa kukata suruali, na karafuu alizowahi kuzishika maishani ni zile za kwenye pilau. Lakini umsikie sasa! Akikaa kwenye cherehani yake barazani, mguu unakanyaga na mdomo nao unashona ya kwake: sisi watu wa karafuu, sisi tuliolelewa chini ya mikarafuu, mtu wa bara ataijulia wapi karafuu. Hiyo bara yenyewe ni Tanga, mji ambao ukitema mate yanaangukia baharini.

Katika miaka ile ya foleni, watu walipokuwa wakiamka alfajiri kuipangia sukari, binamu yake alikuja kumtembelea kutoka kisiwani. Wenzetu waliokuwa na ndugu huko waliletewa sabuni na khanga. Yeye aliletewa mche wa mkarafuu ndani ya kopo la maziwa. Akaupanda uani bila kumwomba mwenye nyumba, Bi Mboni, mjane wa Kigombe. Bi Mboni aliutazama ule mche wenye majani manne, akaona hauna madhara, akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, maana kwa desturi yetu ya pwani kiwanja kina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mtu akipanda mti wa kudumu kwenye ardhi yako ukamtazama tu, mti ni wake, na wewe huna ruhusa ya kuugusa.

Mambo yakabadilika. Serikali ikalegeza kamba, maduka yakajaa, na mitumba ikaingia mjini kwa marobota. Nani tena apimwe kiuno na Amour, arudi mara tatu kuambiwa vifungo bado, wakati suruali ya Mzungu mfu inauzwa sokoni tayari imeshonwa? Cherehani ikaanza kukaa kimya na mdomo ukabaki kufanya kazi peke yake. Bi Mboni naye akapata akili za kibiashara. Ua wetu ulipakana na njia ya sokoni, akaona avunje vyumba vya uani ajenge fremu za maduka. Akamwambia Amour ahame.

Amour hakuwa na pa kwenda. Mjomba alikuwa amekufa, mke alikuwa amemwacha, wateja wamemkimbia. Akamwonyesha Bi Mboni ule mti, wakati huo ukimzidi yeye kimo, akasema haondoki mtini mwake.

Akaitwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Uweso. Tukampa shikamoo zake, akapewa chai, akauzunguka mti mikono nyuma, akatoa hukumu.

"Kiwanja cha Mboni, mti wa Amour. Mti ukiwa hai, Amour atakaa na ua hautajengwa. Mtu akiudhuru, nitamfikisha mbele ya wazee. Ukifa wenyewe, Amour atahama bila neno. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewana.

Mtaa mzima ukangoja Bi Mboni auue mti kwa chumvi. Wengine walisema Bi Mboni atamwaga mafuta ya taa, wengine wakasema maji ya moto. Siku ya pili yake Bi Mboni akafungua kufuli la kisima. Wasiomjua hawatashtuka, lakini sisi tulishtuka, kwa sababu mabomba ya mtaa yalikuwa yakikohoa hewa tu, na kile kisima mama yule alikilinda kuliko dhahabu zake. Hata mtoto wa dada yake aliwahi kurudishwa na ndoo tupu.

"Fundi," akamwambia Amour, "mti wa watu usije ukafa kwa kiu nyumbani kwangu. Teka unavyotaka."

Amour akateka. Aliunywesha asubuhi kabla ya kunywa chai, akaunywesha mchana jua la utosi, akaunywesha tena kila aliposimama kunyoosha mgongo, na maji yote aliyamwaga palepale shinani. Mvua za masika zikanyesha, na yeye na ndoo. Uani pakawa matope ya kupandia mpunga. Watu wakamsifu Bi Mboni kwa moyo wake mweupe; shangingi mmoja jirani, aliyekuwa akimwita mchoyo mwaka mzima, akageuka kumwita mama wa wanyonge.

Mimi nilimuuliza Bi Mboni mwenyewe, tukikuna nazi jikoni.

"Shadya mwanangu," akanijibu, "baba yangu alikuwa na michungwa Muheza. Mti mchanga hunyweshwa jioni, mbali kidogo na shina, maji mengi yashuke chini. Halafu unauacha. Unatia kidole kwenye udongo, ukiona bado unyevu, unakwenda zako. Ukikauka ndipo unarudi. Mti ukiona kiu hushusha mizizi kuyafuata maji. Ukiunywesha kila ukipita, mizizi inabaki juu inangoja ndoo, na ile ya chini inaoza."

"Sasa mbona humwambii?"

"Kaniuliza?"

Akaendelea kukuna nazi, mbuzi ikilia chini yake. Niliogopa, nasema kweli. Nimewahi kuona watu wakiloga, sijawahi kuona mtu akiua kwa kutoa sadaka.

Nikaenda kwa Amour. Majani ya mkarafuu yalikuwa yameanza kuwa njano, mengine yanadondoka mabichi. Nikamwambia aache maji, atie kidole udongoni ajionee.

"Miye n'zaliwa Wete," akasema, "leo n'funzwe karafuu na mwanamke wa Mabawa! Majani yakiwa njano, mti una kiu. Hata mtoto wa Pemba anajua."

"Udongo umelowa, Fundi."

"Umelowa juu. Huoni ndani." Akaongeza ndoo.

Nilimkasirikia. Nilimhurumia pia, lakini hasira ilitangulia. Mtu anazama na unamtupia kamba, naye anaichagua rangi.

Tena lilikuwapo jambo lingine, na hili ndilo lililommaliza. Amour aliamini Bi Mboni anampenda. Alihesabu mwenyewe: mwanamke mchoyo, kisima chenye kufuli, halafu akamfungulia yeye peke yake, kama si mapenzi ni nini? Akaanza kujipaka udi wa kwenye kichupa kila jioni. Akamshonea Bi Mboni gauni la kitambaa cha pazia, akalitia na malinda mabegani, akampelekea limekunjwa ndani ya gazeti. Bi Mboni akalipokea kwa mikono miwili. "Fundi una mikono ya baraka," akamwambia, "na huo mti wako nauona unapendeza." Kilemba cha ukoka hicho, na Amour akakivaa mpaka masikioni. Jioni ile mkarafuu ulipata ndoo za ziada.

Ulianguka mwanzo wa kusi. Wala haukuwa upepo wa kutisha, ulikuwa upepo wa kukaushia nguo. Tulisikia kishindo, tukatoka, tukaukuta umelala juu ya kamba ya nguo, na mizizi yake imeng'oka yote, mifupi, myeusi, inanuka kama maji ya vyombo vilivyolala. Amour alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima.

Mzee Uweso akaja. Akatafuta alama ya panga, hakuna. Akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, hakuna chumvi. Akanusa, hakuna mafuta ya taa. Bi Mboni alisimama mlangoni amevaa lile gauni la malinda, macho chini, mnyenyekevu kama mwali.

Nikasema mimi, kwa kuwa nilishindwa kuvumilia. Nikasema mti umekufa kwa maji, na aliyefungua kisima alijua.

Watu wakaguna. Mzee Uweso akamgeukia Amour.

"Umesikia maneno ya Shadya. Wewe ndiye mwenye mti, na neno lako ndilo nitakaloshika. Kuna mtu aliyeudhuru mti huu?"

Amour akajifuta uso kwa kiganja chenye matope. Akanitazama kwa chuki, chuki kabisa, kama mimi ndiye niliyeuangusha.

"Mzee, asisingiziwe mtu wa watu. Tangu lini mti ukafa kwa maji? Miye mtu wa Pemba, najua. Kama si huruma ya huyu mama, mkarafuu huu ungekufa zamani."

"Ndilo neno lako?"

"Ndilo. Wallahi."

Mzee Uweso akakung'uta udongo mikononi.

"Mwenye mti kasema," akasema. "Basi Fundi, funga virago."