Mfalme wa Baba Mdogo Aliyebaki Nje

Siku ile sebuleni tulikuwa sita. Alikuwepo Baba Mdogo, aliyemfuata baba yetu kuzaliwa, aliyefika asubuhi kutoka Kifanya na viatu vyake vimejaa udongo. Alikuwepo Shangazi, dada yao, amekaa kwenye mkeka akimenya viazi. Alikuwepo jirani yetu mwenye lori, Mwislamu kutoka pwani aliyehamia mtaani kwetu Lyamkena kufanya biashara ya mahindi, na aliyekuja kutoa pole kwa mara ya tatu tangu tumzike mama. Walikuwepo wadogo zangu wawili: wa kike, miaka kumi na mitatu, na wa kiume ambaye alikuwa hajaingia darasa la pili. Na mimi, mtoto wa kwanza, miaka ishirini.

Baba Mdogo alikuja kuwachukua wadogo zangu. Hakuja kwa ubaya. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, mama naye sasa hayupo, na mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nisimamie meza ya mitumba pale sokoni Makambako. Enzi hizo mitumba ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa kuingia kwa wingi, na watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya kitenge cha ushirika walikuwa wakigombania makoti ya Ulaya yenye harufu ya dawa. Biashara ilikuwepo. Lakini kwa Baba Mdogo biashara ya meza haikuwa kitu cha kulelea watoto.

"Kule kuna maziwa, kuna viazi, kuna mama yao mdogo," alisema. "Hapa kuna nini? Vumbi na malori."

"Na mimi nipo," nilisema.

"Wewe utaolewa, mwanangu. Halafu?"

 Nilimtazama mdogo wangu wa kike, naye alikuwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Usiku uliotangulia aliniambia kwamba akipelekwa Kifanya hatafika sekondari, kwa sababu kule kuna watoto wadogo watano na mama mdogo mmoja. Nilimwambia hatakwenda. Nilimwambia kana kwamba neno langu lilikuwa na nguvu.

Babu yetu aliwakataza wanawe kubishana mbele ya wazazi. Baba aliporudi kutoka shule ya bweni na ubao wa sataranji aliopewa na mwalimu mgeni aliyekuwa akirejea kwao, yeye na mdogo wake wakapata pa kupelekea ubishi wao. Ng'ombe yupi auzwe, nani ampeleke babu hospitali, shamba la bondeni lipandwe miti ya miwati au viazi: walikaa mezani, wakacheza, na aliyeshindwa hakulitaja tena jambo lile. Majirani wa mtaani, wacheza drafti kwa vizibo vya soda, waliita mchezo wetu drafti la wasomi. Ukoo mzima uliuheshimu kuliko kikao.

Kwa hiyo Baba Mdogo aliposema, "Kaka angekuwepo tungekaa mezani tukamaliza," nilinyanyuka nikautoa ubao juu ya kabati.

"Nitakaa mimi," nilisema.

Shangazi aliacha kumenya. "Wewe mtoto! Hayo ni ya baba zako."

"Mwache akae, shangazi mtu," jirani alisema akicheka. "Si ndiye anayewalisha? Mpe na kiti chenye mgongo."

"Na akishindwa?" Shangazi aliuliza.

"Akishindwa atafunga mizigo ya watoto," Baba Mdogo alisema, bila kucheka. "Nikishindwa mimi, narudi peke yangu na sitasema tena."

Baba alinifundisha mimi mchezo ule kabla sijajua kusoma vizuri. Nilimfunga mara chache, Baba Mdogo sikuwahi kumfunga hata mara moja. Mikono yangu ilikuwa ya baridi, na haikuwa baridi ya Juni peke yake. Nilipanga kete zangu polepole, moja moja. Mdogo wangu wa kiume alikuja akaegemea goti langu, na uzito wake ule mdogo ulinifanya nishindwe kufikiri. Nikamwambia akakae na Shangazi.

Mwanzoni nilisukuma askofu wangu hadi akamkabili mfalme wake. "Mfalme!" nilisema, kama baba alivyotufundisha kutangaza mfalme anapotishiwa. Baba Mdogo aliweka askofu wake katikati, hatari ikazibwa. Mfalme mwenyewe hakusogea hata kidogo. Tukaendelea. Nilifungua katikati ya ubao, nikaleta ngome na malkia kwenye mstari uleule aliosimama mfalme wake, kete moja tu ikimkinga, na kwa muda niliona njia. Kama angechelewa hatua mbili, nilikuwa nimempata.

Hakuchelewa. Alinyanyua mfalme, akamrusha nyumba mbili kuelekea pembeni, kisha akaishika ngome ili airushe upande wa pili na kumkinga. Huko ndiko kumwingiza mfalme ngomeni. Akimaliza hatua ile, mashambulizi yangu yote yangekuwa yanapiga ukuta, na watoto wangekuwa kwenye gari la jioni la kwenda Njombe, njia ya Kifanya.

"Hapana, Baba Mdogo," nilisema. "Mfalme wako alishatishiwa. Haruhusiwi kuingia tena."

Ndivyo baba alivyotufundisha. Mfalme akishatishiwa hata mara moja, mlango wa ngome umefungwa kwake mpaka mwisho, awe alisogea au hakusogea. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kucheza vingine.

Lakini kuna jambo sikulisema pale. Miezi kama miwili kabla, nikipita na furushi la mitumba kichwani, nilisimama kwenye baraza la duka la jirani huyuhuyu. Alikuwa akicheza na dereva wake. Dereva alimtishia mfalme, jirani akakinga, na baadaye kidogo nikamwona akimwingiza mfalme yuleyule ngomeni, na dereva, mtu mbishi kupita kiasi, hakusema neno. Nilishangaa. Nikajiambia hawa watu wa pwani wana sheria zao, nikaendelea na safari. Ila tangu siku ile kulikuwa na kitu moyoni mwangu kilichokuwa hakijatulia, na niliposema "hapana" kilikuwa kimeamka, nakisikia. Hata hivyo nililisema.

Baba Mdogo hakuachia ngome. Alinitazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa muda mrefu namna ile.

Jirani alikohoa. "Lakini bwana, mbona mfalme haku..."

Baba Mdogo aliinua mkono wa pili, kiganja kikimwelekea, kama mtu anayesimamisha gari. Jirani akanyamaza.  Nilikuwa nikiomba Mungu mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba jirani asimalize sentensi yake, na kwamba mtu fulani aimalize.

"Nyumba hii ndivyo inavyocheza," Baba Mdogo alisema. Akairudisha ngome pembeni, akamrudisha mfalme mahali alipokuwa, pale katikati, peupe.

Hatua kumi baadaye nilimfunga. Alilaza mfalme wake kwa kidole, akanywa chai iliyokuwa imeshapoa, akaweka mkono juu ya kichwa cha kila mtoto. Mlangoni aliniambia, "Wasomeshe." Akaondoka peke yake, na kwa miaka yote iliyofuata hakulitaja tena. Kila mavuno alituma gunia la viazi kwa mtu anayekuja Makambako.

Niliwasomesha. Mdogo wangu wa kike hakuchaguliwa shule ya serikali, lakini shule za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa huku kwetu, nikampatia nafasi Njombe mjini. Meza yangu ikawa meza mbili, kisha kibanda. Kuolewa nilichelewa, na sijutii.

Likizo ya kidato cha tatu mdogo wangu huyo alirudi na kitabu chembamba cha sheria za sataranji alichoazima shuleni. Nilikuwa napanga mashati. Alisoma kwa sauti, anacheka: mfalme asiwe ametembea, wala ngome ile; katikati pawe wazi; asiwe anatishiwa wakati huohuo, asipite wala asitue penye hatari. Basi. "Dada, kumbe akitishiwa zamani haidhuru! Baba alikosea!" Kisha akaacha kucheka, maana hakuwa mjinga, na siku ile alikuwepo. "Dada," alisema, "ina maana..."

"Nipe hanga ile ya shati," nilimwambia.

Nililala vibaya wiki nzima. Jumamosi nikapanda gari hadi Njombe, na lingine hadi Kifanya. Nilimkuta Baba Mdogo kwenye kitalu chake cha miche ya misindano, anamwagilia kwa kopo lililotobolewa.

"Kamwene," nilimsalimu. Akaitikia, akaniuliza habari za watoto, soko, mvua. Nikamwambia moja kwa moja kwamba sheria ile haikuwa sheria, na kwamba mfalme wake alikuwa na haki ya kuingia.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu shule. Mimi nilifundishwa vizuri. Nilimweleza kaka mara moja tu, akaondoka mezani, tukakaa wiki hatusemeshani. Kaka hasahihishwi mara mbili. Tangu hapo kila nikiingia nyumbani kwake nilicheza kwa sheria yake. Siku ile nilisahau, kwa sababu hakuwepo kwenye kiti. Wewe ukanikumbusha."

"Lakini watoto, Baba Mdogo. Uliniachia watoto."

"Nilikuachia kwa sababu ulicheza kama baba yako alivyokufundisha. Ungejua ni uongo na bado ukausema, ningewabeba wote wawili siku ileile." Akacheka, akamwaga maji yaliyobaki. "Hukujua. Huwezi kudaiwa usichokijua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kopo lilikuwa linadondosha tone moja moja juu ya miche. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kuuliza miche ile itakuwa tayari lini kuhamishwa.

Alinitolea ubao wake, tukacheza kabla ya gari. Nilimtishia mfalme mapema, akakinga, na baadaye akamwingiza ngomeni taratibu, akinitazama kwa jicho la utani kuona kama nitakataa. Sikukataa. Alinifunga, akafurahi kama mtoto, akanisindikiza barabarani na viazi.

Nimerudi Kifanya mara nyingi tangu hapo. Macho yake sasa yana ukungu, namtajia kete anazigusa kwa vidole. Kila ninaposhuka kwenye gari nakuwa nimeyapanga yale maneno, ya baraza la jirani na dereva wake. Kila ninapopanda kurudi ninayo bado.