Injini Iliyomisi Mlangoni kwa Biti Sefu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa naipandisha pikapu yangu kutoka Mkuyuni kuelekea Matombo, nyuma nimepakia watu na matenga yao, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Tulipofika kwenye kona moja kali yenye mpando, injini ikaanza kumisi. Ikakata, ikashika, ikakata tena, gari zima likitetemeka. Tulipoimaliza kona, ikaunguruma vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale kwenye kona palikuwa na nyumba moja tu. Mlangoni alikaa Biti Sefu, bibi mjane aliyeishi peke yake, akimenya ndizi, naye akainua kichwa akatutazama.

Kesho yake ikamisi palepale. Keshokutwa pia.

Sasa nikwambie jambo ambalo siku zile sikumwambia mtu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimefunga honi ya upepo, kama zile za mabasi makubwa, maana nilitaka watu wa Mkuyuni wajue nani anakuja kabla hawajaniona. Usinicheke, na wewe nimeyaona mataa uliyoibandika bajaji yako. Mtungi wa honi haukupata nafasi chini ya boneti, basi nikaihamisha koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwa mikono yangu, nikaishikiza kwa kipande cha chuma nilichokikata mwenyewe kwa msumeno. Mimi si fundi. Nilikuwa dereva mwenye spana mbili na kiburi.

Nilimpelekea gari fundi Shomari, mzee mwenye gereji Morogoro mjini. Aliiona honi, akauliza, "Hii nani amekufungia?"

"Kuna fundi umeme mmoja, mzee. Kazi yake safi, huko hakuna shida."

Niliona aibu, ndiyo maana nilidanganya. Naye akaniamini, akatafuta kwingine: akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akalizungusha gari mjini kwenye tambarare. Injini haikumisi hata mara moja.

Nikarudi mlimani, na kwenye kona ikakata. Abiria mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Dereva, mbona ni hapa kwa huyu bibi tu?"

Nilikuwa na jibu. Badala yake nikasema, "Hata mimi najiuliza."

Maneno matatu, mwanangu. Kufikia jioni yalikuwa yameenea soko zima la Mkuyuni. Abiria wakawa wakikaribia kona wananyamaza, wengine wanasoma dua chinichini. Waliokuwa wakimpigia Biti Sefu shikamoo wakawa wanatazama upande wa pili. Kisha likaanza lililonitia hofu hata mimi niliyejua kilichopo chini ya boneti: mlango wake ukawa unafungwa wenyewe. Tukiwa bado hatujafika, unauona kwenye ukungu unajivuta polepole, mtu humwoni, ukishafungika tu, injini inakata. Nikaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Halafu nikasikia sokoni kwamba vijana wameapa Ijumaa haitamkuta bibi yule pale. Usingizi ukanihama. Alfajiri niliteremka mjini, nikamwamkia fundi Shomari, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alichukua spana zake na turubai, akasema, "Nipeleke kwenye hiyo kona."

Ilikuwa karibu na adhuhuri, lakini ukungu ulikuwa umefunga hata miti hatuioni. Mlango wa Biti Sefu ulikuwa umefungwa. Fundi akaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu, akaniambia niweke gia, nikanyage breki, niachie klachi kidogokidogo ili injini ivute kama imebeba mzigo. Akafungua boneti, akajifunika turubai pamoja nayo kupata giza. Injini ikainamia upande, ikaanza kumisi. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Zima, ukaze breki, uje ukae mahali pangu. Nitawasha mimi. Utamwona mchawi wako."

Nikaingia chini ya turubai. Gizani mle, cheche ya buluu ilikuwa inaruka kutoka kwenye waya mkubwa wa koili hadi kwenye kile chuma changu, ta, ta, ta, na kila iliporuka injini ilikata. Gari likipanda kona ile na mzigo, injini ilikuwa inaegemea, waya unagusa chuma, unyevu wa ukungu unamalizia. Kwenye tambarare haugusi.

Fundi akautoa mtungi wa honi, akairudisha koili mahali pake, na injini ikatulia. Mimi nikaenda kubisha hodi. Mlango ukafunguka kwa kuusukuma tu. Ndani hamkuwa na kitanda wala chungu, na majivu yalikuwa ya baridi. Alikwishaondoka.

Nilimpata kwa kaka yake, karibu na Mzinga. Nilipiga magoti, nikamweleza habari ya waya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kila gari lako likikata, mimi nipo," akasema. "Nikaanza kuamini labda kweli ni mimi. Nikikusikia unapanda, nikawa naufunga mlango nikiwa nyuma yake ili nisikutazame, nisije nikakuulia watu."

Kisha akaniuliza, "Wewe ulijua lini?"

"Siku ya kwanza nilihisi, bibi."

"Nimekusamehe. Kurudi, sirudi."

Nilisimama sokoni Mkuyuni nikakiri mbele ya watu. Wengine walinielewa. Wengine walisema bibi amenifunga ulimi. Nyumba ilishaanguka, na yeye ameshatangulia mbele ya haki, lakini hata leo ukipita pale, vijana ambao hawakumjua wananyamaza. Ule ukimya nimeuweka mimi, na sina spana ya kuufungulia.

Kwa hiyo nakuusia: chombo kikikusumbua, anza na ulichokigusa wewe. Fundi akikuuliza, mwambie yote, hata yanayokuaibisha. Na watu wakianza kumtazama mtu mwingine kwa kosa lako, sema siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa. Mwenyezi Mungu akulinde kwenye mipando yote, akupe moyo mwepesi wa kusema "ni mimi," na asikujaalie kupita mlango uliofungwa kwa sababu yako. Amina.