Barabara ya kwenda kwa Brigitha

Paulo alikuwa amekodi kampavani, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, ili wikiendi ya Mwaka Mpya wakapumzike ufukweni. Mkewe, Coletha, hakuwa amepata likizo tangu korona iingie. Alihudumia wazee katika kituo kimoja pale Seven Hills, jijini Sydney, na kila jioni alirudi Quakers Hill na alama za barakoa mashavuni.

Asubuhi ya kuondoka, mdogo wake Brigitha akapiga simu kutoka Adelaide, katika jimbo la Australia Kusini.

"Dada, presha imepanda. Wamenilaza. Wanasema huenda mtoto akatolewa kabla ya siku zake."

Brigitha alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuwa na mtu. Mumewe alikwenda Morogoro kumzika baba yake, Australia ikafunga mipaka akiwa huko. Coletha akahangaika kutafuta ndege. Zilizokuwapo zilifutwa moja baada ya nyingine. Paulo alimtazama, kisha akatoa taulo za kuogelea garini na kupakia madumu ya maji.

"Tutaendesha," alisema.

Walivuka milima, wakaipita Dubbo, nchi ikawa tambarare na nyekundu. Gari lilikuwa zito, likiguna kwenye kila mwinuko. Jua lilipozama karibu na Cobar, Paulo akaegesha.

"Mbona unasimama?"

"Kangaruu, mke wangu. Wakiturukia barabarani gizani hatufiki kabisa."

"Kifafa cha mimba hakisubiri kuche, Paulo."

Paulo akazima taa za gari. Coletha akajilaza amempa mgongo, macho makavu.

Kulipokucha redio ikatangaza kwamba Australia Kusini imewafungia mpaka watu wa Sydney. Paulo aliizima. Hakuna aliyesema warudi.

Mpakani walikuta askari kijana, inzi wamemzunguka barakoa. Coletha alishuka, akaeleza, akaonyesha picha ya mdogo wake kitandani. Alipoona maneno hayafui dafu, alipiga magoti juu ya lami ya moto.

"Mama, tafadhali inuka," askari alisema. "Unaweza kuomba ruhusa maalumu, lakini leo siwezi kukupitisha. Samahani sana."

Upole ule ndio uliomvunja. Aliitambua sauti ile; ilikuwa yake mwenyewe. Majira yote ya baridi alisimama mlangoni pa kituo akiwaambia watoto wa watu kwamba mama yao watamwonea dirishani, akidhani kusema taratibu kunatosha.

Walirudi hadi Broken Hill, mji wa mwisho kabla ya mpaka, wakaegesha kwenye uwanja wa kampavani, wakatuma ombi. Ndani ya gari palikuwa kama tanuri. Kesho yake muuguzi akapiga. Kifafa kilikuwa kimemshika Brigitha, wakampasua. Mwenyewe alikuwa hai. Mtoto, wa kike, hawakuweza kumwokoa.

"Naomba niongee naye," Coletha alisema.

Muuguzi akampa Brigitha simu.

"Dada, uko wapi?"

"Niko njiani, mdogo wangu."

"Umekuwa njiani tangu juzi," Brigitha alisema, na simu ikakatika.

Ombi lilikataliwa. Mazishi Coletha aliyatazama kwenye simu ya Paulo, amekaa ukingoni mwa kitanda cha gari. Mtandao ulikuwa mbovu. Mdomo wa padri ulicheza bila sauti, kisha picha ikaganda kwenye kijisanduku cheupe. Wakageuza gari kurudi nyumbani.

Walipokuwa wameshaipita Nyngan, Coletha akasema, "Ungeendesha usiku ule, tungevuka."

"Huenda," Paulo alisema. "Huenda pia tungekufa."

Coletha alijua mumewe amesema kweli. Hata hivyo ilimchukua wiki nyingi kumtazama usoni bila kuukumbuka usiku ule wa Cobar.

Mpaka ulipofunguliwa alikwenda kwa ndege. Brigitha alimfungulia mlango, amekonda, kanga imelegea kiunoni. Hakumkumbatia. Alitangulia hadi chumba cha nyuma, kulikokuwa na kitanda kidogo na droo zilizojaa nguo ambazo bado zilikuwa na vibandiko vya dukani.

"Wamama wa kanisani walitaka kuja kuzitoa," alisema. "Nikawakatalia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Wakakaa chini kwenye zulia, wakaanza kukunja. Walipofika kwenye soksi, mikono ya Brigitha ikasimama. Coletha akasogea, akamvuta kifuani, na mdogo wake akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.